Mahindi Yatangoja Nyokabi

Oktoba 9, Alhamisi

Mimi ni Muigai wa Chepsaita. Nina miaka themanini na tatu, na bado niko wima. Walionitangulia ni hawa: mzungu aliyenifundisha trekta, machifu watano, ndugu zangu wawili, mke wangu Wahu, na daktari wa Eldoret aliyeniambia nimebakisha miezi sita. Huyo daktari tulimzika mwaka wa 2011. Nilienda na suti. Hata moto wa vita vya uchaguzi wa mwaka wa tisini na mbili na ule wa elfu mbili na nane ulinipata hapa na ukaniacha hapa.

Sasa gazeti linasema nimekufa.

Mwanangu Mungai ndiye amelileta. Kuna picha ya dada yake Nyokabi, mwigizaji wa runinga, na chini wameandika “binti ya marehemu mkulima mmoja wa Uasin Gishu.” Nimesoma mwenyewe kwa kidole. Kusoma nilijifunza ngumbaru nikiwa na miaka hamsini, na darasani nilikuwa wa kwanza, hata mwalimu alikuwa anaogopa kunisahihisha. Kwa hivyo leo nimenunua daftari. Wakiandika, na mimi naandika.

Oktoba 10

Tumeanza kukata mahindi upande wa mto. Wamalwa, msimamizi wangu, na vibarua tisa.

Oktoba 12, Jumapili

Nilipoingia kanisani Mama Perez, mwenyekiti wa akina mama, akasema kwa sauti, “Tusimame, marehemu amefika.” Watu wakacheka. Nilikaa kiti cha mbele kabisa, wanione vizuri.

Oktoba 15

Nyokabi amepiga simu. Mara ya mwisho nilisikia sauti yake kwa simu Wahu alikuwa bado anapika.

“Baba, habari yako?”

“Marehemu hana habari.”

Akasema, “Baba, si gazeti. Ni mimi nilisema.”

“Najua ni wewe. Gazeti linanijulia wapi?”

“Nisamehe.”

“Sema kile unataka. Simu inakula betri.”

Anataka shamba langu. Si kulichukua. Anataka kuigizia hapo. Ameandika filamu yake mwenyewe, ya mwanamke anayerudi nyumbani wakati wa mavuno na kukuta baba yake anazikwa, na ndugu zake wanamkataza kuweka mchanga kaburini. Huyo mwanamke ni yeye. Anataka kaburi liwe katikati ya stuki.

Kwa asiyelima mahindi: stuki ni mabua uliyoyakata ukayasimamisha pamoja kama kibanda, mahindi yakiwa bado juu yake, yakauke. Huko Moi’s Bridge wenye mashamba makubwa wanavuna na kombaini, hawana stuki. Hapa karibu majirani wote wameshapukuchua. Stuki zimebaki kwa Muigai peke yake, kwa sababu Muigai hakimbizwi.

Nilimwambia nitafikiria.

Oktoba 16

Leo nimefikiria, na ni heri niandike, kwa sababu gazeti limeandika maisha yake kombo.

Nyokabi alizaliwa mwaka wa 1978. Akiwa darasa la sita waliigiza shuleni, akavaa koti kuukuu akawa mzee. Alitembea kama mimi. Akakohoa kama mimi. Ukumbi wote ukacheka, na D.O., mkuu wa tarafa, pia. Mimi nilitoka. Alipofika kidato cha nne walileta kikombe cha tamasha za drama na jina lake likiwa hapo. Nilikiweka nyuma ya debe la mafuta.

Mwaka wa 1998 nilimtafutia nafasi chuo cha ualimu. Akasema hapana, anaenda Nairobi kuigiza. Nilisimama kanisani nikaomba jina lake litolewe kwa watu wa nyumba yangu. Mchungaji akaniuliza mara mbili. Mara mbili nikasema litolewe.

Huko Nairobi alianza na kuzunguka mashuleni wakiigiza vitabu vya mtihani. Walikuja hata Eldoret. Siku hiyo Wahu alisema anaenda kliniki, na sufuria ya githeri ikapotea pamoja naye. Nilijua. Baadaye akaingia kwa runinga. Miaka miwili alikuwa mfanyakazi wa nyumba, na maneno yake yote yalikuwa “Chakula tayari, Madam.” Halafu wakampa Bi Tesi, yule mke mbaya aliyebadilisha wosia wa mumewe na kumfungia kwa stoo. Miaka tisa alikuwa Bi Tesi. Kenya nzima ikamchukia. Sokoni Eldoret mwanamke alikataa kumuuzia nyanya. Nakuru mama mzee alimpiga na kibeti ndani ya supamaketi akisema, “Mfungulie huyo bwana!”

Tulipomzika Wahu mwaka wa 2016 Nyokabi alikuja akalia, na nyuma yangu nikasikia mtu anasema, “Tazama vile anaigiza.” Nilisikia na sikugeuka. Hilo haliniongezei cheo lakini naliandika.

Kipindi kikaisha. Wakapata wasichana wadogo. Yeye wanamuita tu kuwa nyanya mwenye wajukuu kwa matangazo ya sabuni, na ana miaka arobaini na saba. Ndiyo maana ameandika ya kwake.

Kama mtu atauliza nimejuaje mambo ya Bi Tesi: sikuwa natazama. Nilikuwa nakaa kwenye kiti, na kiti kinaangalia runinga.

Oktoba 17

Mungai amesema tusikubali. Nimekubali.

Oktoba 21

Nyokabi amekuja. Ana mvi hapa mbele na hajaificha. Ameleta dairekta wake, msichana wa Kaptagat anaitwa Jepchumba, alikuwa mkimbiaji mpaka goti likaharibika. Alitembea shamba lote haraka nikamfuata bila kuhema. Aliposimama katikati ya stuki akasema, “Mzee, usiguse hata moja.”

“Mpaka lini?”

“Tarehe sita Novemba.”

Mungai akaruka. “Mashine ya kupukuchua inakuja tarehe thelathini! Na mvua siku hizi haina heshima. Baba, hii ndiyo chakula ya mwaka mzima.”

“Shamba ni ya nani?”

“Ni yako, lakini—”

“Basi ‘lakini’ ubaki nayo wewe.”

Jioni Nyokabi alinieleza ukweli wote mbele ya chai. Kamera ni za kuazima, zinarudi tarehe saba asubuhi. Sehemu nyingine zote za filamu zimekwisha. Imebaki mazishi. Bila mazishi hakuna filamu, na hakuna mtu atampa nafasi ya pili kwa umri wake. Nilimwambia mahindi yatangoja.

Oktoba 25

Jua. Nimewapigia wenye mashine nikawaambia wasije. Mungai hanisalimii.

Oktoba 28

Tumeenda Eldoret kununua sanduku la maiti, mimi na Nyokabi. Fundi akauliza ni la nani. Nyokabi akasema, “La baba.” Fundi akamwambia pole, akanigeukia mimi, “Pole sana, Mzee. Alikuwa ndugu yako?”

“Alikuwa mtu mkubwa,” nikasema.

Alitaka kutupa moja fupi. Nilikataa. Baba wa filamu ya binti yangu hawezi kuzikwa amekunja magoti. Tulichukua refu, na Jepchumba alikuwa ameagiza litobolewe matundu upande wa kichwa, mwigizaji apumue. Fundi alipotoboa aliacha kuongea kabisa.

Tukarudi na pikapu. Nilikaa mbele. Sanduku nyuma, wazi, bila kufunikwa. Hapo ndipo tulikosea.

Oktoba 29

Watu wa Chepsaita waliona pikapu, sanduku, na Nyokabi amefunga leso kichwani kwa sababu ya vumbi. Mimi hawakuniona, kioo ni cheusi. Asubuhi hii nilikuwa kwa zizi nikasikia kilio kinakuja na njia. Akina mama ishirini. Mmoja na kuni, mwingine na vikombe, wengine na viazi na maziwa kwa mtungi, vile tunafanyiana hapa. Mama Perez mbele, anajifuta macho.

Nikatoka. “Nani amekufa?”

Akasimama. Kuni zikaanguka. “Si ni wewe!”

“Mimi niko hapa.”

“Na sanduku?”

Nyokabi akakimbia kueleza, ni sinema, Mama, ni ya kuigiza. Ingekuwa heri asingeeleza. Mama Perez akapaza sauti. “Mimi nimeamka saa kumi nikapasua kuni. Nimekulilia, Muigai! Wewe, na vile ulivyo! Na ilikuwa mchezo wa Bi Tesi?”

“Rudisha machozi basi,” nikasema.

Hiyo haikusaidia. Walibeba kila kitu wakarudi nacho. Viazi walikuwa wameshaanza kumenya huko kwao, wakabeba vile vile.

Novemba 2, Jumapili

Imetangazwa kanisani kwamba kuchezea mazishi ni dhambi na asionekane mtu wa kanisa kwa shamba la Muigai. Mungai alikuwa anatazama viatu vyake. Nilisimama nikauliza kama ni dhambi pia kumtazama Bi Tesi miaka tisa, na kama ni dhambi, wote waliotazama wainue mkono. Hakuna aliyeinua. Waongo.

Novemba 3

Mawingu upande wa Turbo. Wamalwa amekuja na kofia mkononi.

“Mzee, vibarua wamekataa kuja. Wanasema kwa shamba patachimbwa kaburi na halina mtu.”

“Na wewe?”

“Mimi pia. Kwetu kaburi halichimbwi likaachwa tupu. Likikosa mtu linatafuta.”

Nilimuita mwoga. Nikamwambia nitachimba mwenyewe. Akavaa kofia akaenda. Nilichimba mpaka magotini na mgongo ukakataa.

Novemba 4

Mwigizaji wa Nairobi wa kulala ndani ya sanduku alifika. Mtu mnene, ana saa kubwa. Aliangalia shimo. Akaangalia sanduku, na matundu, na mawingu. Akasema kwenye makubaliano hakuna kuteremshwa ardhini, atalala studio. Jepchumba akamwambia studio haina stuki. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameondoka.

Nyokabi alikaa juu ya mfuko wa mbolea. Hakulia. Niliona mkono wake unachambua uzi kwa sketi, uzi mmoja, uzi mwingine. Wahu alikuwa anafanya hivyo.

Novemba 5

Nimewaambia mimi nitalala.

Nyokabi akasema, “Hapana, Baba. Kabisa.”

“Gazeti limeshasema. Ni kazi nusu.”

“Usifanye mzaha.”

Mungai akaja mbio. “Baba, mtu wa miaka themanini anaingia kwa kaburi lake na miguu yake? Watu watasema nini?”

“Wakisema, waseme wakinitazama.”

Jepchumba ndiye aliuliza jambo la maana. Aliuliza, “Mzee, utaweza kunyamaza?” Nilimwambia mimi naweza kunyamaza kuliko mtu yeyote katika hii kaunti, nikamueleza kwa muda mrefu vile naweza.

Jioni Wamalwa alirudi na jembe. Alikuwa amesikia. Akasema kama kuna mtu ndani si tupu, lakini ana masharti mawili. Moja, kaburi liishie kifuani, si zaidi. Mbili, nikitoka, siku hiyo hiyo tuzike mgomba wa ndizi mahali pangu na kulifukia. Nilisema sawa. Akachimba mpaka giza likaingia. Hakuniuliza mbona nilimuita mwoga, na mimi sikumwambia.

Novemba 6, Alhamisi

Leo nimekufa mara saba. Naandika nikiwa nimefunikwa blanketi mbili, ni baridi, si woga.

Asubuhi mawingu yalikuwa yamekaa juu ya shamba kama paa. Nilivaa suti. Nyokabi mwenyewe alinifunga tai. Vidole vyake vilikuwa baridi. “Ukichoka, gonga,” akasema. Nilimwambia mimi sichoki.

Walioletwa kuimba walikuwa vijana wanane wa kwaya ya kukodi. Walipoanza, nikasikia sauti nje ya ua: “Mnaimba kama mnafukuza ndege!” Ni Mama Perez. Alikuwa amekuja na akina mama sita kuona hiyo dhambi kwa macho yao. Jepchumba akamwambia kwa heshima, “Mama, tuonyeshe basi.” Akasema hawezi, kanisa limekataza. Akasema tena hawezi. Halafu vijana wakaharibu ubeti wa pili, na hapo hakuvumilia. Aliingia akawapanga kwa mabega, akina mama sita wakamfuata, akaanzisha. Ndani ya sanduku nilisikia ule wimbo vile unatakiwa. Nilijivunia kuzikwa hivyo.

Sanduku lilifungwa kamba nne, kila kona kamba yake, na kila kamba mtu. Wamalwa alishika ya kichwani, upande wa kulia. Watatu wengine walikuwa wamekuja na Jepchumba. Wananiteremsha kidogo, Nyokabi anasukuma watu, anapiga magoti ukingoni, anaongea na baba yake. Basi. Wananivuta tena. Tunaanza upya.

Maneno yalikuwa haya: “Baba, nimerudi. Sikuja na gari, sikuja na mume. Nimekuja na hii mikono. Waambie wanipishe.”

Mara ya kwanza ndege ilipita juu. Mara ya pili kamera ilitingika. Ya tatu Mungai, ambaye hakutaka kuonekana, alionekana nyuma ya stuki. Ya nne alisema vizuri mpaka nikauma mdomo. Ya tano tone la kwanza likagonga mbao juu ya uso wangu. Ya sita alisema polepole. Nilimsikia Jepchumba akivuta kamasi. Akasema, “Hiyo ndiyo. Tumalize na moja ya akiba.”

Sikukohoa hata mara moja. Andika hivyo.

Mara ya saba wakaniteremsha. Matone yalikuwa yameongezeka. Nikasikia magoti yake kwenye udongo, karibu sana na matundu. Akaanza, “Baba, nimerudi,” halafu akasimama. Nikafikiri amesahau. Miaka yote hiyo ya kuigiza, atasahau leo?

Hakuwa amesahau. Alisema:

“Niliwaambia watu umekufa. Ilikuwa rahisi kuliko kuwaambia uko hai, unakunywa chai, na hutaki kuniona. Mama akija kunitazama nilikuwa namuuliza, na Baba? Ananiambia uko na kazi shambani. Miaka kumi na nane, Baba, uko na kazi shambani. Mimi nilikuwa nataka uje mara moja. Hata ulale usingizi. Hata ukohoe.”

Mtu akisemeshwa anajibu. Mimi sijui mnalelewa aje siku hizi, lakini mimi nililelewa hivyo. Nikafungua mdomo nikapiga kelele:

“Nilikuwa natazama! Kila Jumatano, saa mbili! Yote!”

Kilichofuata nimeambiwa na wengine. Kwaya ilipasuka kama kuku wameona mwewe. Mama Perez, ambaye alijua vizuri kabisa niko ndani na ni mzima, alikimbia mpaka mtoni. Wale watatu wa kamba waliziachilia. Sanduku likaanguka upande wa miguu, kifuniko kikaruka, nikateleza mpaka viatu vikagonga chini, na kwa sababu kaburi lilikuwa la kifuani na sanduku lilikuwa refu, nilijikuta nimesimama, suti na tai, uso juu ya ardhi, mvua inanipiga machoni. Kona moja tu ndiyo haikuanguka.

Nyokabi alikuwa pale magotini, uso wake na wangu sawa kwa sawa. Rangi ya macho imemshuka mpaka kidevuni.

“Baba,” akasema, “hiyo haiko kwenye maandishi.”

“Na yako ilikuwa?”

Akacheka na kulia pamoja. Huko hakukuwa kuigiza, mimi ninajua, nimemtazama miaka tisa. Akasema, “Toka, utapata homa,” akanishika makwapani, na Wamalwa akanishika koti kwa mkono mmoja, wakanitoa kama gunia. Jepchumba alikuwa amefunika kamera na mwili wake. Akatuambia ya sita itaingia kwa filamu. Ya saba atampa Nyokabi, ni yake.

Mvua ikashuka yote. Wamalwa hakuenda kujikinga. Alikata mgomba, akautia kaburini, akafukia, peke yake, mpaka udongo ukawa sawa.

Novemba 7

Kamera zimeondoka. Nyokabi amebaki. Mvua.

Novemba 8

Mvua.

Novemba 9, Jumapili

Mvua. Sikuenda kanisani. Mungai alienda akarudi akasema wameuliza kama nimefufuka.

Novemba 10

Mvua. Stuki za upande wa mto zimelala. Nimeenda kuziona na sitaki kuandika.

Novemba 12

Jua limetoka. Vibarua wamerudi wote, kwa sababu Wamalwa amewaonyesha mahali mgomba umezikwa. Tumefungua stuki moja moja. Mahindi yenye ukungu pembeni, mazima kwa turubai.

Novemba 13

Hivyo hivyo. Nyokabi anageuza mahindi juani tangu asubuhi, amefunga leso. Kibarua mmoja alimtazama sana, halafu akasema, “Mama, si wewe ndiye Bi Tesi?” Akasema ni yeye. Kibarua akasogeza jembe lake mbali kidogo. Nyokabi akaendelea kugeuza.

Novemba 16, Jumapili

Mama Perez amekuja na maziwa. Alisema hakuja kuomba msamaha. Nikamwambia na mimi sikumngoja kwa hilo. Alitaka kujua kama wimbo wake utasikika kwa filamu. Nyokabi akasema utasikika wote, mpaka mwisho. Akakaa mpaka chai ya pili.

Novemba 20

Mungai alikuja shambani bila kuitwa, akashika upande mwingine wa turubai. Walivuta na dada yake mpaka saa nane. Sikusikia wakiongea. Nilisikia wakibishana ni nani anavuta vibaya.

Desemba 4, Alhamisi

Mashine imekuja na kwenda. Magunia sitini na mbili. Mwaka jana yalikuwa tisini na tano. Mungai aliyahesabu mbele yangu polepole ili niumie. Nilimwambia ahesabu tena kwa sauti, watu wa barabarani wasikie, kwa sababu hayo yaliyooza niliyaozesha mimi mwenyewe, kwa kupenda kwangu, na mwakani Nyokabi akirudi na kamera nitaozesha mengine.

Nyokabi ameondoka leo na magunia mawili. Hakuniambia asante wala mimi sikumwambia pole. Alisimama pale langoni akatembea hatua kumi kama mzee, akakohoa, akageuka kuona kama nitakasirika. Nilimwambia mguu wa kushoto anauvuta mno, mimi sivuti hivyo. Akarekebisha.

Sasa kama kuna mtu anasema haya ni uongo, aende kwa hawa. Jepchumba wa Kaptagat ana picha sita, na ya saba iko kwa Nyokabi. Mama Perez atakataa kwamba alikimbia, lakini aulizwe kiatu chake cha kushoto kilipatikana wapi. Mungai alikuwa nyuma ya stuki, na kwa picha ya tatu anaonekana. Na wa mwisho, ambaye neno lake linatosha bila ya hao wengine, ni Wamalwa, aliyekuwa na kamba ya kichwani upande wa kulia. Maiti iliongea, watatu wakakimbia, na yeye kamba alikuwa nayo mkononi mpaka nilipotoka.